Nyigu wa Chumba cha Kwanza

Koplo alikuwa na muda mpaka kesho saa tatu asubuhi, basi. Saa tatu Kibrashi angepandishwa kizimbani kujibu shtaka la kuharibu mazao ya watu kwa makusudi na kusababisha kifo, na hapo faili lingetoka mikononi mwa Koplo liende kwa watu wanaosoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho tu. Faili lenyewe lilikuwa zuri kupita kiasi. Kila kitu kilikaa mahali pake. Koplo hakulipenda hata kidogo.

Tuseme kwanza habari ya jina. Cheo chake kilikuwa Inspekta. Ukoplo aliuacha miaka kumi na sita nyuma, lakini jina lilimganda, na siku hizi hata mama mkwe wake alimwita hivyo hivyo bila aibu.

Na kisa ni hiki. Mahindi ya bondeni yalikuwa yanaliwa na viwavi, mwaka nenda mwaka rudi. Kituo cha wadudu kikaja na dawa isiyo dawa: nyigu wadogo kuliko chembe ya chumvi, wasiouma mtu, wasiojua hata kama kuna mtu duniani. Jike hutafuta mayai ya nondo, akayatoboa moja moja na kutaga lake mle ndani. Mtoto wa nyigu hulila yai la nondo, yai likawa jeusi tii, na kiwavi hazaliwi. Mkulima anapewa kadi, kipande cha karatasi ngumu ukubwa wa stempu, kimebandikwa mayai meusi mamia kwa mamia. Anakitundika kwenye jani, nyigu wanatoka, wanajitafutia kazi. Miaka mitatu mambo yalikwenda vizuri.

Mwaka huu kadi zilitundikwa, nyigu wakatoka, na viwavi wakala mahindi mpaka yakabaki mabua. Mkulima mmoja alipoona shamba lake linakwisha mbele ya macho yake, akanunua sumu kali, akajaza bomba, akapulizia mchana kutwa bila kufunika pua wala mdomo, upepo ukimrudishia usoni. Alikufa siku ya tatu. Mkewe alikuja polisi na ile kadi tupu mkononi, akaiweka juu ya meza na kusema, "Hii ndiyo imemuua mume wangu. Mkamateni mwenye hii." Hakulia. Koplo angependelea angelia.

Kadi ikapelekwa chuoni kwa mtaalamu wa nyigu, pamoja na nyigu wachache waliofia juu yake. Jibu likarudi fupi: nyigu hawa siyo wale. Kituo kilikuwa kinafuga aina mbili, kila aina na chumba chake. Wa chumba cha kwanza ndio wa viwavi wa mahindi. Wa chumba cha pili ni wa nondo wa kabichi, na mayai ya nondo wa mahindi hawayawezi, kwa sababu mama nondo huyafunika kwa manyoya yake. Kwa macho matupu aina hizo mbili ni pacha. Na kadi zilizokwenda bondeni zilikuwa za chumba cha pili.

Sasa hesabu. Kila Jumatatu Mama Hadubini, mtambuzi wa kituo, huchunguza sampuli ya chumba cha kwanza na kutia sahihi. Jumatatu ile aliandika: safi. Kadi zilitoka Jumatano. Kwa hiyo kuna mtu aliyebadilisha nyigu kati ya Jumatatu na Jumatano, na funguo za chumba cha kadi alikuwa nazo mtu mmoja, fundi mwanamke wa miaka ishirini na tisa, ambaye kituo kizima kilimwita Kibrashi kwa sababu ya brashi nyembamba aliyoichomeka sikuzote nyuma ya sikio. Mkuu wa polisi alifurahi. "Kesi imejifunga yenyewe," alisema.

Kibrashi naye hakujisaidia. Siku tatu mahabusu, jibu lake moja.

"Sikubadilisha kitu, afande. Zaidi ya hapo sina la kusema."

"Nani alibadilisha?"

"Sina la kusema." Halafu, kila jioni kabla hajafungiwa, aliuliza swali lile lile: "Mama Hadubini hajafika?"

Koplo alidhani anamwogopa.

Siku nzima aliipoteza kwa muuza sumu wa sokoni. Watu walikuwa wamemwona mara mbili akimpakia Kibrashi kwenye pikipiki, na mtu anayeuza sumu ana kila sababu ya kutaka nyigu washindwe. Koplo alimkalia kooni tangu asubuhi mpaka jamaa akatokwa na machozi.

"Nilimtaka, afande! Nilimtaka anioe... yaani nimuoe! Akanikataa mbele ya wateja. Mpaka leo napita njia ya nyuma."

Ikawa ndiyo mwisho wa njama kubwa ya muuza sumu.

*

Kwa hiyo asubuhi hii ya mwisho Koplo alirudi tena kituoni kwa wadudu, akaingia chumba cha nondo. Humo alikuwamo Mzee Pumba, mfugaji. Nondo wa maabara hukuzwa ndani ya pumba za nafaka ili nyigu walishwe mayai yao, na mzee huyu alikuwa na pumba nyusini, masikioni na hata ndani ya chai yake.

"Umerudi tena, Koplo? Siku hizi unatujua kuliko mkurugenzi."

"Mkurugenzi anaingia humu?"

"Aliingia mwaka juzi. Akapiga chafya, akatoka."

Koplo akavuta kigoda. Akatoa kwenye bahasha kitu alichokiorodhesha siku ya kukamata, kitu cha tisa, kutoka mfuko wa koti la Kibrashi. Ilikuwa kadi ya kliniki ya macho. Haikuwa na jina, namba tu, na tarehe ya kurudi: Alhamisi, keshokutwa. Mahali pa umri paliandikwa 67.

"Mzee, mama yake Kibrashi ana miaka mingapi?"

"Mama yake?" Mzee Pumba aliweka kikombe chini. "Huyo binti alifiwa na mama akiwa shule. Baba ndiyo kabisa, hakumjua. Hana mtu. Kama ana mtu, basi ni huyo huyo aliyemfundisha kazi."

"Nani?"

Mzee akajitia hamnazo, akaanza kuchekecha pumba. Koplo alingoja. Kungoja ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote.

"Niambie sheria za vyumba," alisema hatimaye. "Wewe unaingiaje?"

"Asubuhi unaanza chumba cha kwanza. Ukimaliza, unakwenda cha pili. Ukishaingia cha pili, siku hiyo cha kwanza hukioni tena, hata moto ukiwaka. Kwa sababu wale wa chumba cha pili ni wachokozi, Koplo. Wanapita kwenye wavu. Wanashika kwenye mkono wa koti, watatu wanne tu, huwaoni. Wakiingia kwa wenzao wanazaana haraka kuwapita. Wiki chache, wenye nyumba wamekwisha, wamebaki wageni. Na mayai yanakuwa meusi vile vile. Huwezi kujua."

"Na mtu wa hadubini?"

"Yeye ndiye anajua. Ndiyo maana yupo."

"Yeye naye anaanza chumba cha kwanza?"

Chekecheke likasimama.

"Sheria hiyo aliiandika mwenyewe," alisema Mzee Pumba polepole. "Kwa mkono wake. Imebandikwa mlangoni, nenda kaisome. Sasa tangu mvua za mwanzo namwona anaanza cha pili. Kina dirisha kubwa, kina mwanga. Halafu ndiyo anakwenda cha kwanza. Na koti lile lile. Mimi mfuga nondo nitamwambia nini? Yule amefundisha mabwana wakubwa. Nilisema moyoni, atakuwa na sababu yake."

"Hukusema polisi."

"Hukuniuliza. Uliniuliza habari za muuza sumu."

Ilikuwa kweli.

Simu ililia saa nne na dakika kumi. Alikuwa mtaalamu wa chuo. Koplo alikuwa amempelekea vichupa vyote vya akiba: kila Jumatatu, sampuli ikishachunguzwa, nyigu waliobaki hutiwa kwenye spiriti na kikaratasi cha tarehe humo humo ndani, kimeandikwa kwa penseli kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka. Vichupa kumi na viwili, wiki kumi na mbili.

"Wiki tatu za kwanza ni wenyewe kabisa," alisema mtaalamu. "Wiki ya nne wamechanganyika. Kuanzia ya tano mpaka mwisho, sikuona hata mmoja wa chumba cha kwanza."

"Vyote vimeandikwaje?"

"Vyote vimeandikwa chumba cha kwanza, safi. Inspekta, samahani, aliyeandika hivi ni yule mama? Yule alinifundisha mimi. Angalia vizuri. Yule hawezi kukosea."

Kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyebadilisha kitu kati ya Jumatatu na Jumatano. Wageni walikuwamo ndani ya nyumba miezi miwili, na kila Jumatatu mlinzi wa mlango aliandika kwamba hakuna mgeni. Ama alikuwa anadanganya, ama hakuwa anaona. Koplo alirudi kwa Mzee Pumba.

"Unaweza kunibandikia nyigu mmoja kwenye kioo cha hadubini?"

"Siyo mzuri kama Kibrashi, lakini naweza. Dume?"

"Jike."

Mzee akacheka mpaka pumba zikamwanguka. "Jike wa nini? Hujafundishwa? Aina hizi zinatambuliwa kwa dume tu, kwa umbo la sehemu zake za nyuma. Majike yote yako sawa. Jike hasemi kitu."

"Nibandikie jike. Na kwenye kibandiko uniandikie: dume, chumba cha kwanza."

Kicheko kikamwishia mdomoni. Aliitazama ile kadi ya kliniki juu ya meza, akamtazama Koplo, halafu akaenda kunawa mikono. Alipokuwa anabandika aliharibu majike wawili.

*

Chumba cha mtambuzi kilikuwa mwisho wa ukumbi. Hadubini kubwa ilikaa katikati ya meza, na hakuna aliyeigusa ila mwenyewe. Mafundi walibandika, yeye akatazama. Ndivyo ilivyokuwa miaka arobaini. Ukutani palikuwa na picha zake na wanafunzi, safu kwa safu, na katika ile ya karibuni Kibrashi alisimama nyuma ya kiti chake, ameweka mkono begani mwake, anacheka meno yote.

"Karibu, mwanangu," alisema Mama Hadubini. "Kesi imefika wapi?"

"Inakwenda mwisho, mama. Nimebakiwa na jambo dogo. Kuna kioo kimoja, nataka nikiandike kwenye ushahidi. Unitajie tu ni nani."

Siku ya kwanza kabisa mama huyu alikuwa amemkalisha Koplo kwenye hadubini ndogo ya wanafunzi na kumfundisha kwa subira nzuri. Tazama vipapasio, mwanangu, hivi vinavyotoka kichwani. Dume ana nywele ndefu kama mswaki uliochakaa. Jike hana, vyake vinaishia na kirungu kinene. Ukishajua dume, ndipo unakwenda nyuma kutafuta aina. Mwanafunzi wa wiki moja hapa hawezi kukosea dume na jike. Koplo alikuwa na siku tano.

Mama Hadubini alikipokea kioo, akakileta karibu sana na uso kusoma kibandiko, karibu kiasi cha kukinusa. Midomo yake ilisoma. Akakiweka chini ya hadubini, akainama, akazungusha gurudumu mbele na nyuma. Alizungusha muda mrefu. Koplo alijikuta anamwombea. Aliomba kabisa, mtu mzima na pingu kiunoni, kwamba mama ainue kichwa na kusema: Pumbavu, umeniletea jike.

"Dume," alisema Mama Hadubini. "Nywele ndefu, nzuri. Nyuma nako hakuna ubishi. Wa chumba cha kwanza."

"Una hakika?"

"Mwanangu, nilikuwa nawatambua hawa wewe ukiwa unavaa kaptula."

"Naomba nitazame na mimi."

Hakupenda, lakini alisogea. Koplo aliinama. Mwanga ulikuwa mweupe, na katikati yake nyigu mwenye rangi ya chai hafifu alikuwa amelala chali, na kila kipapasio kimeishia na kirungu, kinene, wazi, hakina hata unywele wa kusingiziwa.

"Mimi naona kirungu, mama."

Mama Hadubini alinyoosha mkono kukichukua kioo.

"Nimemwomba Mzee Pumba anibandikie jike. Kibandiko ni cha uongo. Wewe umesoma kibandiko."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo kwenye sakafu. Mama Hadubini alitafuta kiti kwa mkono, akakipata, akakaa.

"Umenitega."

"Ndiyo."

"Ni mtoto wa jicho," alisema. "Macho yote mawili. La kulia lilianza zamani. Mwanzoni nilikuwa naona pembeni, nikawa nakisia. Kukisia kwa miaka arobaini siyo kukisia, nilijiambia, ni ujuzi. Halafu nikawa nasoma kibandiko tu."

"Nani aliyekuwa anakupeleka kliniki?"

"Unajua ni nani."

"Nataka uliseme wewe."

"Yeye. Alinishika mkono mpaka mlangoni kwa daktari. Akaapa hatamwambia mtu mpaka nipasuliwe. Alidhani kwenye hadubini bado naona. Nilimwambia naona."

"Mama, mtu amekufa."

"Unadhani silijui hilo?"

"Na kesho saa tatu binti huyo anasimama kizimbani kwa ajili yako. Siku tatu amenyamaza. Anakungoja wewe useme."

Mama Hadubini aliinua uso, na Koplo akaona lile wingu jeupe kwenye mboni, akashangaa ilikuwaje hakuliona siku zote. Kumbe na yeye Koplo alikuwa anatazama kibandiko tu.

"Yeye ni kijana," alisema. "Angefungwa miaka miwili mitatu, angetoka, angepata kazi nyingine. Mimi ningepata nini? Kituo hiki ndiyo macho yangu na jina langu. Wangenipa saa ya ukutani wakanisindikiza getini, na kila mdudu niliyemtaja tangu nianze wangemtilia shaka. Kazi yote. Umewahi kuwaza hilo?"

"Ulikuwa radhi afungwe."

"Nilikuwa radhi," alisema. Kwa hilo tu Koplo alimheshimu, kwamba hakulizungusha.

Akachukua karatasi kuandika maelezo mapya. Alipomaliza akamwongoza kidole chake mpaka mahali pa sahihi. Mama hakumwita tena mwanangu. "Ni hapa, afande?" aliuliza, akatia sahihi nje ya mstari.

Mlangoni Koplo aligeuka. "Wale wa chumba cha kwanza, wako hai mahali pengine?"

"Aina ile niliikusanya mwenyewe, mashambani, ujana wangu. Ilikuwa hapa tu." Alikuwa anapapasa meza akitafuta kitambaa cha kufutia lenzi. "Wamebaki kwenye spiriti."

*

Saa kumi jioni shtaka liliondolewa. Kibrashi aliletwa kwenye chumba cha kukabidhiwa vitu, hana mkanda, viatu havina kamba, nywele zimemsimama. Koplo alimwambia yuko huru, akamweleza kwa kifupi. Hakushangilia. Alishusha pumzi tu, ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Kwa hiyo amesema."

"Amesema."

"Nilijua atasema. Nilijua tu, ilikuwa ni muda." Macho yalimlowa, akatabasamu. "Msimfokee, afande. Ni mtu mzima, alikuwa anaogopa. Keshokutwa ndiyo siku yake ya kupasuliwa. Mtaniruhusu nimpeleke? Hana mwingine wa kumshika mkono."

Koplo angeweza kunyamaza. Alilifikiria hilo baadaye, mara nyingi. Lakini faili lilikuwa mezani, na binti alikuwa amekwisha kuona ukurasa wa juu, mwandiko mpana wa penseli alioujua kuliko mwandiko wake mwenyewe.

"Hayo ndiyo maelezo yake?"

"Hayo ni ya kwanza. Ya Ijumaa. Siyo ya leo."

"Ni haki yangu kuyasoma. Nilishtakiwa kwa hayo."

Ilikuwa haki yake. Koplo aliligeuza faili kumwelekea.

*Msichana huyu sikuwahi kumwamini,* iliandikwa. *Ana mkono mwepesi na tamaa nyingi. Nilimchukua kwa huruma kwa kuwa hana wazazi, na mara kadhaa nimemwonya juu ya funguo. Yaliyotokea hayanishangazi.*

Alisoma mara moja. Akarudi juu, akasoma tena, kidole kikifuata mstari. Kisha akalifunga faili na kulisukuma taratibu mpaka upande wa Koplo.

"Nitie sahihi wapi?"

Alivipokea vitu vyake kimoja kimoja, na kila kimoja alikitilia sahihi: simu, funguo za nyumbani, mkanda, kamba za viatu, koti jeupe, leso, kitambulisho, brashi nyembamba. Brashi hakuichomeka sikioni, aliitia mfukoni. Alifunga viatu, fundo mbili mbili, akasimama.

"Umesahau moja," alisema Koplo. Alikuwa ameishika kadi ya kliniki.

Kibrashi aliitazama bila kuinyooshea mkono.

"Siyo yangu, afande," alisema. "Tazama umri."